Mita 7,108 na swali la mjomba

Mwezi Septemba mwaka 2022, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, kundi la walengaji liligonga shabaha iliyokuwa umbali wa mita 7,108, yaani maili 4.4, kwa bunduki inayotumia risasi za .416 Barrett. Niliposoma habari hiyo nilifanya jambo ambalo mpima ardhi yeyote angelifanya: nilifungua ramani ya eneo nililokuwa nikipima kule Usangu, Tanzania, nikachagua bikoni, yaani alama ya kupimia ardhi, ninayoifahamu vizuri, na kutoka hapo nikavuta mstari wa mita 7,108 ili nione unaishia wapi. Ulivuka mashamba ya mpunga, mfereji, malisho ya ng'ombe na kijiji kizima, ukaishia mahali ambapo mimi huwa sifiki bila kukodi bodaboda.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia mjomba wangu, askari wa wanyamapori mstaafu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiitwa usiku kufukuza tembo waliovamia mashamba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza iliyogonga ilikuwa risasi ya ngapi. Nikamjibu kwamba ilikuwa ya 69.

"Na zile 68 zilikwenda wapi, mpwa wangu?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Jibu lake la wazi ni kwamba ziliangukia ardhini, mbele, nyuma na kando ya shabaha, na zile ambazo mahali pa kuangukia palitambuliwa ziliwasaidia kurekebisha mlengo. Sioni uzembe wowote katika hilo, kwa sababu kwa umbali ule hakuna njia nyingine. Risasi ile ilikaa hewani kwa sekunde zaidi ya 24. Mjomba hakuona kwamba muda huo ni mrefu mpaka nilipomwomba anywe chai yake huku nikitazama saa: alifungua chupa, akajaza kikombe, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga, akaifunga chupa, na risasi ilikuwa bado haijatua.

Ukigawanya mita 7,108 kwa sekunde 24 unapata mita 296 kwa sekunde, kiasi ambacho kiko chini ya mwendo wa sauti, unaokaribia mita 340. Maana yake ni kwamba mlio ulifika kwenye shabaha sekunde tatu hivi kabla ya risasi yenyewe, kinyume cha yale tunayoyajua kuhusu bunduki. Jambo hili lilimfurahisha mjomba kuliko rekodi yenyewe. Kwa mlengaji, hata hivyo, ni tatizo, kwa sababu risasi inaposhuka na kuupita mpaka wa mwendo wa sauti hewa inayoizunguka huvurugika, na risasi ambayo umbo lake na mzunguko wake havikulingana vizuri huanza kuyumba. Kutoka hapo hesabu zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa hugeuka kuwa makadirio.

Kisha upo upepo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Wengi hudhani kwamba upepo wa pembeni huihamisha risasi kwa kadiri ya muda wote iliokaa hewani, lakini kinachohesabiwa ni ule muda ambao risasi imechelewa, yaani tofauti kati ya muda uliotumika kweli na muda ambao ungetumika kama hewa isingekuwapo kabisa. Tuseme risasi ilitoka kwenye mtutu kwa mwendo wa mita 1,000 kwa sekunde. Bila hewa ingetumia sekunde saba, imetumia 24, imechelewa sekunde 17. Kwa hiyo upepo wa mita moja kwa sekunde, ambao hautikisi hata jani la mgomba ipasavyo, ungeihamisha risasi hiyo mita 17. Kwa bunduki ya kawaida ya .308 na shabaha iliyoko mita 1,000, upepo huohuo huihamisha zaidi ya nusu mita. Bunduki yenyewe ina kosa dogo zaidi: ile inayotawanya risasi zake kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, itazikusanya ndani ya sentimita 3 kwa mita 100, ndani ya sentimita 29 kwa mita 1,000, na ndani ya mita mbili na kidogo kwa umbali ule wa Wyoming.

Wakazi wa nyanda zetu za juu tungekuwa na nafuu fulani. Juu ya uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi na baridi yake, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya moja ya tano, na risasi hukutana na ukinzani mdogo zaidi. Tena, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauivuti sana risasi pembeni. Kwa mita 1,000 ni kama sentimita mbili tu kuelekea kushoto. Lakini hasara inatokea upande mwingine, kwani anayelenga mashariki risasi yake hupanda kwa kama sentimita 11, na anayelenga magharibi hushuka kwa kiasi hichohicho. Walengaji wa kaskazini ya mbali husumbuliwa zaidi na ule mvuto wa pembeni kuliko sisi.

Mimi na mjomba tuliamua kuupima mpaka wetu wa kulenga bila kufyatua hata risasi moja, maana bunduki hapa nchini ni kitu cha kibali, na Usangu ina wafugaji na watoto wa kufukuza ndege kila upande. Baada ya mavuno, kwa ruhusa ya mwenye shamba, nilisimamisha miti minne kwenye mstari mmoja, kwa mita 250, 500, 750 na 1,000, na kwenye kila mti nikafunga utepe wa kanga kuukuu. Mjomba aliketi kwenye kiti cha plastiki, mimi nikainama kwenye darubini ya chombo changu cha upimaji, na kwa muda wa saa nzima, kila dakika, tuliandika kila utepe ulikokuwa ukielekea.

Tepe zote nne zilikubaliana mara 7 kati ya 60. Utepe wa mita 750 ndio uliokuwa mkaidi kuliko yote, kwa sababu hapo palikuwa na mfereji wenye matete, na upepo ulioingia kwenye matete ulitoka ukiwa umegeuka. Kuanzia saa nne asubuhi mazigazi yalianza, na utepe wa mwisho ukawa unacheza ndani ya kioo kama kitu kilichotumbukizwa majini. Mara mbili niliapa kwamba unaelekea kushoto, kumbe ni joto.

Sisemi kwamba watu wa Wyoming hawakufanya kitu. Kujua pembe ya kuinua mtutu kwa risasi iendayo kilomita saba, na kurudia hesabu mara kadhaa bila kukata tamaa, ni kazi ninayoiheshimu. Lakini mimi ningeiita kazi ya upimaji, na naona wanaodai kwamba rekodi ihesabiwe kwa risasi za kwanza tu wana hoja nzito. Kule Raton, New Mexico, yamekuwa yakifanyika mashindano ya maili mbili, ambayo ni mita 3,219, na huko risasi ya kwanza ikigonga huwa na uzito wa pekee. Huo ndio mpaka ninaouelewa, na uko karibu zaidi kuliko vichwa vya habari vinavyotangaza.

Tulipokuwa tukikusanya tepe nilimuuliza mjomba yeye, kwa bunduki aliyoizoea, angekubali kupiga risasi yake ya kwanza kutoka umbali gani. Alitazama shambani kwa muda, kisha akauelekeza mkono kwenye mgunga uliokuwa peke yake kabla ya mti wetu wa kwanza. Chombo kilikuwa bado hakijafunguliwa kutoka kwenye miguu yake, nikaulenga mgunga na kuupima. Mita 187.

Nilipomsomea namba hiyo, aligeuka akautazama tena ule utepe wa mita 250, akasema kwamba kwa upepo huu angesogea kwanza.