Dubai–Guangzhou: saa ya mkononi ndiyo iliyonitoa kwenye utata

Kutoka Dubai hadi Guangzhou, Uchina, si mwendo wa saa 11, wala kurudi si saa tano kasoro. Hesabu hiyo nilipewa Kariakoo na kijana aliyenikatia tiketi yangu ya kwanza. "Dada, wewe toa tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika." Kwenda ilikuwa 10:30 mpaka 21:50, kurudi 00:15 mpaka 05:00. Njia ni ileile, ndege ni ileile. Sikumwamini.

Mwanangu ana tufe la dunia la shule. Nikauzungusha uzi kwenye ikweta, nikapata sentimita 80 hivi. Ikweta ni kilomita 40,000 na ushee, basi kila sentimita ni kilomita 500. Nikauvuta uzi uleule ukakaza toka Dubai hadi Guangzhou: sentimita 11 na nusu na kidogo. Yaani kama kilomita 5,800. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ni saa sita na nusu za kukata anga, bado kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani. Uzi wa kushonea ulinipa jibu la kweli kuliko mtu niliyemlipa.

Ila uzi hauonyeshi tarehe. Tiketi ya kurudi iliandikwa tarehe 28, 00:15. Tarehe 28 nikashinda Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, namalizia kununua mikoba, nikala, nikafunga mabegi kwa utulivu, saa tatu usiku nikawa Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Binti wa kaunta akaisoma tiketi mara mbili, akanionyesha kalenda kwa kidole: ndege yangu iliondoka usiku uliopita. Saa sita na robo ya usiku kwetu bado ni usiku uleule. Kwao tarehe ilikuwa imeshageuka. Nililala kwenye kiti nimekumbatia mabegi, na kubadili tiketi kukanila laki saba na kitu. Nililia, sifichi.

Safari iliyofuata saa ya mkononi sikuigusa, niliiacha na majira ya Dubai. Simu ikashika ya Guangzhou, iliyo mbele kwa saa nne. Tulipotua kule simu ilisema saa nne kasoro dakika kumi usiku, mkononi ilikuwa saa kumi na mbili kasoro kumi jioni. Tuliondoka saa nne na nusu asubuhi. Hesabu mwenyewe: saa saba na dakika 20.

Kurudi, simu iliposoma 00:15 ya tarehe 28, mkononi ilikuwa saa mbili na robo usiku, bado tarehe 27. Tukafika Dubai saa kumi na moja alfajiri: saa nane na dakika 45. Kurudi ni kurefu kwa sababu huko juu upepo huvuma toka magharibi kwenda mashariki, mkali zaidi miezi ya baridi. Kwenda unakusukuma, kurudi unapigana nao. Anayebadilisha ndege Dubai ahesabu na hilo.

Oktoba hii naenda na mdogo wangu, ni mara yake ya kwanza. Juu ya bahasha ya tiketi yake nimemwandikia kwa kalamu nyekundu: "Usiku wa KUAMKIA tarehe 28. Uwanjani tarehe 27, saa tatu usiku."