Nilivyosafisha jagi la fedha la Kalo bila kufuta alama za nyundo

Jagi hilo la kuchanganyia vinywaji nililinunua kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani hapa Chicago, likiwa jeusi kiasi kwamba wanunuzi wengine walilipita tu. Nilipoligeuza nikaona kwenye kitako neno Sterling, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi, pamoja na jina la Kalo Shop, karakana ya vyombo vya fedha. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1900 na Clara Barck, aliyesomea sanaa katika Art Institute of Chicago, na ambaye baada ya kuolewa na George Welles mwaka 1905 aliihamishia Park Ridge, kitongoji cha Chicago, na kufundishia hapo ufundi. Mafundi wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka Skandinavia, lakini mwenye kusanifu na kuongoza alikuwa yeye, na kwangu hilo ndilo lililolipa jagi thamani.

Weusi wa fedha hutokana na salfa iliyomo hewani, nao huondoka kwa urahisi. Kazi ngumu ni kujua pa kuishia. Njia ya haraka, ya kutumbukiza chombo katika maji ya moto yenye magadi soda na karatasi ya alumini, niliikataa kwa sababu inang'oa weusi hata ndani ya vibonyeo vidogo vilivyoachwa na nyundo ya fundi, na bila kivuli hicho uso wote unapooza.

Kwa hiyo nililiosha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikalikausha papo hapo, kisha nikachanganya unga laini wa chaki na maji hadi ukawa uji mzito. Niliupaka kwa kitambaa cha pamba, nikisugua polepole kwa mstari ulionyooka. Pembeni mwa herufi iliyolehemiwa tumboni mwa jagi nilitumia pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, kwa kuwa kingo zake, zilizokatwa kwa mkono, ni rahisi kulika. Migongo ya vibonyeo ilipoanza kung'aa huku mabonde yakiwa bado ya kijivu, niliacha.

Sasa nalitumia wageni wanapokuja, ila juisi ya limau na chumvi haviachwi humo, kwani huila fedha. Nalihifadhi ndani ya kitambaa cha pamba, mbali na mpira na sufu, ambavyo vina salfa.