Kebo ikihamia dijitali, mwenye TV ya zamani asiachwe ahangaike peke yake

Tangazo la kampuni ya kebo (TV inayoletwa nyumbani kwa waya) inayozima analojia, ule mfumo wa zamani kabla ya dijitali, karibu kila mahali linafanana, picha safi, chaneli nyingi, we chomeka king'amuzi tu basi umemaliza. Mi sina ugomvi na picha safi hata kidogo. Ninachokataa ni mteja kuambiwa hii ni zawadi yake wakati faida kubwa inaenda kwa kampuni na usumbufu wote unabaki sebuleni kwake.

Kwanza hapa ndo watu wengi wanachanganywa, kuzimwa kwa analojia ya antena na kuzimwa kwa analojia ya kebo ni mambo mawili tofauti kabisa. Marekani walizima ya antena tarehe 12 Juni 2009, na siku ile mwenye kebo hakuguswa, aliambiwa tulia, waya wako unatosha. Kampuni za kebo zikabanwa na kanuni kwamba chaneli za vituo vya kawaida lazima ziendelee kuonekana kwenye TV za analojia za wateja wao mpaka 2012, sasa mtu aliyeshazoea kusikia "wewe haikuhusu" miaka yote hiyo anashtukia chaneli zake zinapotea moja moja, lazima achanganyikiwe. Finland nako antena zilitangulia Septemba 2007, kebo ikafuata mwisho wa Februari 2008. Ujerumani antena zilimalizika 2008 lakini kwenye kebo analojia iliendelea karibu miaka kumi mingine.

Na kwa nini kampuni zina haraka? Ni nafasi ndani ya waya. Kwa mfumo wa Marekani chaneli moja ya analojia inakula megahezi 6 (kipimo cha upana wa nafasi hiyo), na humo humo kwenye hizo 6 ukipitisha dijitali unapata kama megabiti 38 kwa sekunde, yaani chaneli kumi na zaidi za picha ya kawaida, au mbili tatu za HD, zile za picha kali zaidi. Kwa hiyo kila chaneli ya analojia inayozimwa inaachia nafasi ya kuuza HD na zaidi ya yote intaneti ya kasi, manake intaneti inapita waya ule ule. Ni biashara halali kabisa, ila ukishajua hivyo unaelewa kwamba kampuni ina sababu nzuri sana ya kumpa mteja boksi, yaani hicho king'amuzi, bure, na mteja ana haki ya kudai bila kuona aibu.

Tatizo la boksi sio boksi moja. Enzi za analojia ulikuwa unagawa waya kwa splita, kile kidude cha kugawa waya mmoja, unapeleka chumbani, jikoni, kwa bibi, kila TV inajitafutia chaneli yenyewe na huongezi hata senti. Dijitali ikija kila TV inataka king'amuzi chake, rimoti yake, na plagi yake ya umeme, na kama kampuni inatoza kodi ya kukodisha kila boksi basi mtu ambaye kifurushi chake hakijaongezeka kitu bili inapanda tu kila mwezi. Halafu wale wenye mashine za zamani za kurekodi, waliokuwa wanarekodi chaneli moja huku wanaangalia nyingine, hilo nalo linaisha kama boksi ni moja, na kwenye tangazo hulioni.

Lingine linaloniuma ni watu kununua kifaa ambacho sio. King'amuzi cha antena hakisomi dijitali ya kebo! Mifumo yake ni tofauti, Ulaya antena ni DVB-T au T2 na kebo ni DVB-C, Marekani antena ni ATSC na kebo inatumia QAM, kwa hiyo TV imeandikwa "dijitali" kwenye kartoni lakini haina maana kwamba itasoma waya wa kebo, angalia kitabu chake au ukurasa wa vipimo uone hayo maandishi yenyewe. Na hata ikiwa na tyuna sahihi, yaani kile kipokezi cha ndani ya TV, kampuni ikifunga chaneli kwa msimbo bado utahitaji boksi lao au kadi yao. Marekani Oktoba 2012 FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, iliruhusu kampuni za dijitali tupu kufunga mpaka kile kifurushi cha chini kabisa, ila iliweka masharti, mteja wa kifurushi hicho peke yake alitakiwa apewe vifaa hadi viwili bure kwa miaka 2, na anayepata Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, miaka 5. Mi naona hivyo ndivyo inavyotakiwa kila sehemu, tena mimi ningesema iwe bure maadamu ni TV ya zamani na kifurushi ni kile kile.

Kuna na hili la waya. Analojia ikiwa dhaifu unaona chenga, unavumilia, taarifa ya habari unaisikia. Dijitali haina huruma hiyo, ikishuka chini ya kiwango picha inakatika vipande vipande, inaganda, alafu kioo cheusi. Kwa hiyo splita zilizochoka na viunganishi vilivyolegea ambavyo miaka yote havikukusumbua ndo vinajitokeza siku ya kuhama, na mtu analaumu boksi analibadilisha mara kadhaa wakati shida iko ukutani. Kabla hujakubali kulipia fundi waambie wapime nguvu ya mawimbi pale pale waya unapoingia nyumbani, ikiwa mbovu hapo basi ni kazi yao sio yako.

Ila wazee ndo nawaonea huruma zaidi. Mtu amebonyeza namba zile zile miaka na miaka, leo chaneli zimehamishwa namba, rimoti ziko mbili, akigusa tu kitufe cha "input" kwa bahati mbaya picha imepotea na hajui imeenda wapi. Kama una mzazi au jirani wa hivyo usisubiri tarehe ifike, agiza boksi mapema, muunganishie, mwandikie namba za chaneli zake kwa maandishi makubwa. Rimoti ya boksi nyingi inaweza kufundishwa kuwasha TV na kuongeza sauti, ifundishe hiyo halafu ile nyingine iweke kabatini kabisa.

Na siku ukirudisha boksi la watu dai risiti yenye namba ya boksi lenyewe, manake usipokuwa nayo wakiendelea kukutoza kodi hutakuwa na cha kuwaonyesha.