Nilivyowafundisha vijana wa Kadutu ukalimani

Nilipoanza kuwakusanya vijana 12 kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, nilidhani kazi yangu ingekuwa kuwaongezea maneno ya Kifaransa cha hospitali. Walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 18, wakizungumza Kimashi, lugha ya wenyeji wa hapa, na nyanya zao, Kiswahili mtaani na Kifaransa darasani, na karibu kila mmoja alikwisha kumsindikiza jamaa yake kwa daktari asiyejua Kimashi. Kumbe maneno yalikuwa jambo dogo. Kazi ilikuwa kuwaachisha desturi ya nyumbani ya kumsemea mzee.

Jumamosi ya tatu nilimwomba jirani yangu, mama mzee mwenye asili ya eneo la Walungu, aigize mgonjwa, nami nikawa daktari. Alieleza kwa Kimashi, bila haraka, kwamba maumivu yalianza baada ya mavuno ya maharage, kwamba usiku huzidi, na kwamba alikunywa dawa ya mitishamba akaiacha ilipomletea kizunguzungu. Binti wa miaka 16 aliyeketi kati yetu akaniambia kwa Kifaransa, kwa heshima zote, kwamba mama anaumwa tumbo. Sikumkemea, maana ndivyo alivyolelewa: mtoto mwema humpunguzia mzee maneno. Nilimwuliza tu mitishamba imekwenda wapi, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Tangu siku hiyo tulishika kanuni kwamba mkalimani husema yote, huomba arudiwe asiposikia vizuri, na hatoki chumbani na siri ya mtu. Tena husema "naumwa" kama mgonjwa mwenyewe, si "anasema anaumwa". Hiyo ya mwisho iliwatatiza sana, kwa kuwa kusema "mimi" mahali pa mkubwa waliona ni utovu wa adabu.

Saa na hesabu tulizirudia mpaka zikachosha. Daktari akitaja saa 8 ya asubuhi kwa Kifaransa, kwetu ni saa mbili, lakini mvulana mmoja hodari sana alisema "saa nane" bila kusita, yaani dawa ingechelewa kwa muda wa saa sita. Vilevile "yeye" wa Kiswahili hana jinsia, ilhali Kifaransa humlazimisha msemaji kuchagua. Niliwafundisha kuuliza badala ya kukisia.

Jambo moja sikulilegeza hata kidogo: kijana hafasiri mambo ya jamaa yake, wala ya ubakaji, wala habari ya kifo. Mzazi mmoja alinilaumu kwamba nawadharau watoto. Nilimjibu kwamba kumtuma mtoto wa miaka 15 amwambie mama kuwa mwanawe amefariki ni kumtwika mzigo ambao hata sisi watu wazima hutushinda, na kwa kazi hizo tuliwatafuta wakalimani wawili wenye umri.

Mwezi wa nne, binti yule yule aliketi kando ya mgonjwa katika kituo cha afya, nami nikiwapo kwa idhini ya mgonjwa. Muuguzi akasema upesi: vidonge viwili asubuhi na jioni. Binti akainua mkono kidogo.

"Mkalimani anaomba kuuliza: ni viwili asubuhi na viwili jioni, au viwili kwa siku nzima?"

Muuguzi akaichukua tena karatasi ya dawa, akaandika upya.