Fenesi lisilopasulika
Bibi yangu wa Muheza hakuwa akinunua fenesi kwa macho. Alilipiga kwa kiganja, akatega sikio, kisha akatoa hukumu: “Bado,” au “Hili kesho.” Nilimwamini kwa sababu kesho yake lilipasuliwa mbele yetu, na kweli limeiva.

Lakini jua la angani, utalipasulia wapi? Na mimi, kwenye baridi hii ya Ujerumani, kazi yangu ya shahada ndiyo hiyo ya kulisikiliza. Uso wa jua hupanda na kushuka kila baada ya dakika 5 hivi. Mwanafizikia Robert Leighton na wenzake waliliona jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani. Yanazama, yanapindishwa na joto linaloongezeka huko chini, yanaibuka kwingine. Ukijua wimbi limetumia muda gani njiani, unaweza kukisia limepita kwenye nini. Kifaa cha HMI, kwenye setilaiti ya SDO iliyorushwa 2010, hupima mtikisiko huo kila sekunde 45. Data tunazo tele. Sikio ndilo linalonitia shaka.

Mwaka 2009 mtafiti Laurent Gizon na wenzake walilinganisha mbinu kadhaa za kusikiliza kwenye doa moja la jua, yaani baka jeusi usoni mwake, la Januari 2002. Doa ni lile lile, lakini mbinu moja inasema chini yake mawimbi yanakwenda kasi zaidi, nyingine inasema yanapungua kasi. Nilisoma, nikafunga kompyuta, nikaenda kusonga ugali.

Ndiyo maana tunajitengenezea jua la uongo. Unaunda boksi la gesi kwenye kompyuta, unaficha humo sehemu inayoharakisha sauti, unayaacha mawimbi yapite, halafu unaionyesha programu mtikisiko wa juu tu: haya, sema nimeficha nini.

Yangu ikajibu kwamba sauti pale inachelewa. Kinyume kabisa! Kwa dakika kama kumi nilijiona nimeumaliza ugomvi wa 2009. Kumbe, nikilinganisha muda wa mawimbi njiani, nilikuwa nimetoa muda wa pili kwenye wa kwanza badala ya wa kwanza kwenye wa pili. Siku tatu zimekwenda kwa alama moja ya kutoa.

Nimerekebisha. Sasa kasi inatoka sawa, ila umbo limerefuka kwenda chini: nilificha chungwa, nimerudishiwa muhogo. Na hapo sijaweka kelele za gesi inayochemka. Hizo naziweka Jumatatu.