Jina Moja, Kura Nyingine: Kwa Wanaouliza Barazani Mkunguni, Lamu, na Wanaopiga Kura Huku Marekani

Tarehe 3 Novemba 2020 wapigakura wa jimbo la Florida walijaza karatasi moja yenye maswali mengi. Juu walimchagua rais, na Donald Trump akapata asilimia 51.2. Chini, kwenye karatasi hiyo hiyo, waliulizwa kama kima cha chini cha mshahara kiongezwe kidogo kidogo hadi dola 15 kwa saa ifikapo Septemba 2026. Dola 15 hizo zilikuwa kwenye ilani ya chama cha Democrat, wapinzani wake. Asilimia 60.8 wakasema ndiyo. Ukijumlisha kura hizo mbili na kutoa idadi ya wote waliojitokeza, unapata kwamba kwa uchache watu laki tisa walimpa Trump kura na papo hapo wakapitisha dola 15.

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, simu za kutoka Lamu huja na swali moja: watu hawa wako upande gani hasa? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba tunapima vitu viwili tukidhani ni kimoja. Kuna jina mtu analojipa, na kuna anachotaka serikali ifanye. Vitu hivyo viwili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, kama mtu wa Lamu anavyoweza kuwa wa mtaa wa Mkomani kwa ukoo na wa mtaa wa Langoni kwa makazi.

Jina hupimwa kwa swali fupi: kwa siasa, wewe ni mhafidhina, wa wastani au mliberali? Kwa ufupi, mhafidhina hushika ya zamani na hutaka serikali iingilie kidogo; mliberali hutaka mabadiliko na serikali isaidie zaidi. Kampuni ya Gallup huuliza hivyo mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 2024 asilimia 37 walijiita wahafidhina, 34 wa wastani na 25 waliberali. Mtu akitazama hapo tu atasema Marekani ni nchi ya wahafidhina. Kipimo cha pili huachana na majina, kikauliza jambo kwa jambo: mshahara, bima ya afya, fedha za shule, kodi za matajiri, bunduki, uhamiaji. Hapo picha hugeuka.

Waliolionyesha hili mapema kwa hesabu ni Lloyd Free na Hadley Cantril, waliohoji Wamarekani mwaka 1964. Walipowasomea watu kauli za jumla, kwa mfano kwamba serikali inaingilia mno mambo ya raia, nusu waliegemea uhafidhina na asilimia 16 tu uliberali. Walipouliza kuhusu mipango yenyewe, matibabu ya wazee, shule, nyumba, asilimia 65 waliangukia upande wa uliberali na 14 tu upande wa uhafidhina. Ni watu wale wale. Miaka imepita na mwanya haujazibika.

Kwa nini? Sababu moja sisi wa pwani tunaweza kuielewa haraka kuliko wengi, kwa kuwa imo ndani ya lugha yetu. Sikiliza neno mhafidhina. Limetoka mzizi mmoja na hifadhi, na Lamu mtu akisema fulani ni hafidh, anamsifu kwamba ameibeba Kurani kifuani. Nani atakataa jina lenye harufu hiyo? Kisha sikiliza upande wa pili, wa waliberali: huitwa mrengo wa kushoto. Mtoto wetu hupigwa kofi akipokea kitu kwa mkono wa kushoto. Mtu wa Lamu aliyechukua uraia huku, akisomewa swali hilo kwenye simu na mkalimani, atajibu mhafidhina kabla sentensi haijaisha. Ana maana kwamba anafunga, anaheshimu wazee, na hataki binti yake arudi nyumbani usiku wa manane. Hakusema lolote kuhusu kodi. Muulize kama hospitali ya umma iongezewe fedha, atakwambia iongezwe, tena leo.

Ndivyo ilivyo kwa Wamarekani wengi pia. Kwao neno hilo limebeba kanisa, ndoa, malezi na kazi ya jasho kabla ya kubeba bajeti. Wanasiasa wanalijua. Wa upande wa kulia hulitaja jina lao kila hotuba; wa kushoto kwa miaka mingi wamelikwepa jina la uliberali na kutangaza mpango mmoja mmoja. Jina moja hutajwa kwa fahari, lingine hutajwa na maadui zake.

Maneno hufanya kazi hiyo hiyo hata ndani ya swali la sera. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waligawa wahojiwa makundi mawili. La kwanza liliulizwa kama serikali inatumia fedha kidogo mno kuwasaidia maskini, na zaidi ya nusu wakasema ndiyo. La pili liliulizwa swali lile lile, ila pahala pa kuwasaidia maskini pakawekwa "welfare", neno la misaada ya serikali lililokwisha kuchafuka kwa siasa. Waliosema ndiyo wakashuka hadi karibu robo. Kwa hiyo mtu akikuletea asilimia, kwanza dai swali lilivyoandikwa, neno kwa neno. Bila swali, asilimia hiyo haina thamani.

Tusijidhani tumesalimika. Kura ya maoni ya katiba ya Kenya ya tarehe 21 Novemba 2005 ilikuwa na alama mbili, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa la. Chungwa likashinda. Swali likafa siku ile ile, jina likaishi: likawa chama, likawa rangi ya fulana, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa leo wanasema nyumba yetu ni ya chungwa. Ukimuuliza mmoja wao ndani ya ile rasimu ya 2005 watu walikataa kifungu gani, hana jibu, na si kosa lake. Au chukua mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, ambao mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake tarehe 26 Juni 2019. Aliyetaka kujua maoni ya Lamu kuhusu makaa asingeyapata kwa kuhesabu kadi za chama. Ilibidi aulize kuhusu moshi, maji ya moto baharini, mikoko na ajira.

Mkitaka kuupima mwanya huu nyumbani, Lamu au Malindi, kazi hii yawezekana kwa karatasi, kalamu na Jumamosi mbili. Tafuta watu 60. Usiwachukue wote barazani, kwa maana baraza ni la wanaume, tena watu wazima. Gawa mitaa: Lamu chukua Mkomani, Langoni, Shela na Matondoni, Malindi chukua Shela ya kule, Maweni, Barani na Muyeye. Watu 15 kila mtaa, nusu wanawake, na wanawake wahojiwe na mwanamke mwenzao, faragha. Mwenye kuhoji asiwe jamaa wa mgombea yeyote, maana watu watamjibu ukoo wake.

Andika maswali sita ya sera. Kila swali liwe na jambo moja tu na gharama yake iwe wazi. Tazama swali hili: "Je, waunga mkono bandari ya Lamu na ajira kwa vijana?" Limeharibika. Mvuvi anayeichukia bandari na kupenda ajira atajibu nini? Livunje mara mbili. Vivyo hivyo usiulize "wataka zahanati bora?", kwa kuwa hakuna atakayesema hapana. Uliza: "Kaunti iweke muuguzi wa usiku katika kila zahanati ya kisiwani, hata kama ujenzi wa barabara utachelewa mwaka mmoja: wakubali au wakataa?" Au: "Kaunti ipige marufuku muguka, hata ikipoteza ushuru wake." Au, kuhusu juya, ule wavu wa kukokota: "Juya lizuiwe kabisa, hata kama wenye juya hawatalipwa." Hapo mtu hupima.

Tatizo kubwa la kwetu ni adabu. Mgeni akija na karatasi, mtu humjibu ndiyo ili asimvunje moyo. Dawa yake ni kugeuza nusu ya maswali, ili kwa hayo matatu "nakataa" ndiyo iwe jibu la mwenye kutaka mabadiliko. Akikubali yote sita, mmejua anaitikia tu. Mwekeni kando na mhesabu wako wangapi. Na kila swali liwe na nafasi ya "sijalifikiria". Utafiti mkubwa wa uchaguzi wa Marekani wenye mizani ya ngazi saba, kutoka mliberali sana hadi mhafidhina sana, tangu mwaka 1972 huweka nafasi hiyo, na mara nyingi kiasi cha robo ya watu huichukua. Ukiinyima karatasi yako nafasi hiyo, watu watabahatisha katikati, nawe utadhani umegundua watu wa wastani.

Sasa swali la jina: "Kwa siasa, wewe wajiita mtu wa kushika ya wazee, mtu wa mabadiliko, au hapo katikati?" Karatasi 30 liwekeni mwanzo, 30 nyingine mwisho. Likitangulia, mtu akishajiita jina hujaribu kulitii katika majibu yanayofuata. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili itawaonyesha nguvu ya jina. Kabla ya yote jaribuni maswali kwa watu watano, na kila mmoja aulizwe: umeelewa naulizia nini? Pasipoeleweka, andikeni upya.

Kisha choreni jedwali: majina matatu kwa upande, na kwa juu maoni matatu, ya kushika, ya katikati na ya kubadili. Hesabuni walioangukia katika kila chumba. Walio nje ya mstari wa jina lao ndio mliokuwa mkiwatafuta. Lakini msitangaze kwamba Lamu inataka hiki au kile. Kwa watu 60, hata kama wangechaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, jibu linaweza kuyumba pointi 13 juu au chini. Kwa fungu la 30 ni pointi 18. Na ninyi hamkuchagua kwa bahati nasibu.

Kwa ndugu zetu mlioapa uraia huku, faida ya kuyajua haya iko kwenye karatasi ya kura. Katika baadhi ya majimbo kuna kiduara kimoja cha kuchagua chama kizima. Ukikijaza, hujayajibu maswali ya sheria, ambayo hukaa mwisho na mara nyingi nyuma ya karatasi. Igeuze. Pakua mapema nakala ya mfano kwenye tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya eneo lako na usome kila swali, kwa sababu ndiyo si kila mara ni kuongeza haki. Kansas, Agosti 2022, ndiyo ilikuwa ya kuondoa kinga ya utoaji mimba katika katiba ya jimbo. Asilimia 59 wakasema la, katika jimbo ambalo huchagua Republican, chama cha Trump, kila mwaka wa urais tangu 1968. Mambo huenda upande wa pili pia: California mwaka 2020 ilimpa Biden asilimia 63, na siku hiyo hiyo asilimia 57 wakakataa kurudisha upendeleo wa rangi na jinsia katika ajira za umma na vyuo.

Na mwenye kadi ya kijani, tafadhali sana: ofisi ya leseni ya udereva huenda ikakuuliza kama wataka kuandikishwa kupiga kura. Kataa, na popote panapouliza kama u raia weka hapana. Kosa hilo moja laweza kumfukuzisha mtu nchini. Kujibu mtafiti wa maoni kwenye simu ni halali. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa au wa jimbo si halali.

Kupitisha sheria kwa kura pia si mwisho wa kazi. Missouri, Novemba 2024, karibu asilimia 58 walimchagua Trump, na karibu asilimia 58 vilevile wakapitisha mshahara wa dola 15 pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Likizo ilianza tarehe 1 Mei 2025. Wabunge wa jimbo, waliochaguliwa kwa jina la chama na watu hao hao, wakaifuta, na tarehe 28 Agosti ikakoma. Kwa hiyo mgombea wa bunge la jimbo akibisha mlangoni, chama chake kimeandikwa kwenye kipeperushi alichoshika. Muulize mswada kama ule wa kufuta kura ya watu ulipofika mezani alipiga kura gani, na kama ni mgeni bungeni, angepiga gani.