Dillo Day ya 2013

Mwaka 2013 nilikuwa Evanston, mji uliopakana na Chicago kwa upande wa kaskazini, nasaidia kufundisha Kiswahili pale chuo kikuu cha Northwestern. Hicho chuo kinajuana na Afrika siku nyingi, idara yao ya masomo ya Afrika ilianzishwa 1948 na Melville Herskovits, na ile maktaba yao ina vijarida vya Kiswahili ambavyo hata Dar sijawahi kuvikuta. Ila leo nataka kuongelea mziki, lile tamasha la wanafunzi wa pale linaloitwa Dillo Day.

Kulikuwa na mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye bidii sana, kuanzia mwezi wa nne nikaanza kumwona anakuja darasani macho mekundu kama mtu aliyekesha msibani. Nikamuuliza, vipi, unaumwa? Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Hapana Mwalimu, Dillo Day inakuja." Kumbe alikuwa kwenye Mayfest, kundi la wanafunzi ambalo ndilo linaandaa lile tamasha kila mwaka, na hapo ndo nikaelewa kwamba hawa watoto wanafanya kila kitu wenyewe: kutafuta wasanii, mikataba, jukwaa, vyoo, walinzi, kuongea na mji, na sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye ada ya shughuli za wanafunzi, kwa hiyo ukichemsha umechemsha na hela za wenzako wote. Wenyewe husema ndo tamasha kubwa kuliko yote Marekani linaloendeshwa na wanafunzi, na mi nilivyouona ule umati sikubisha.

Basi ikafika Jumamosi yenyewe. Wanafanyia sehemu inaitwa Lakefill, ni ardhi iliyotengenezwa, miaka ya 1960 chuo kiliishiwa nafasi wakajaza kipande cha Ziwa Michigan wakapata eneo jipya kabisa, ukisimama pale ukatazama kusini unaona maghorofa ya Chicago yamejipanga kwa mbali. Mi mtu wa Tanga, lile ziwa kila nikiliangalia naona bahari, mpaka nivute pumzi nikose harufu ya chumvi. Jua lilikuwa linawaka lakini upepo wa ziwani unakata mpaka kwenye mbavu, na vijana wamevaa vikaptura hawana habari.

Nikiwa nazubaa karibu na spika nikasikia "SHIKAMOO MWALIMU!" Jamani. Katikati ya maelfu ya watu, kelele zote zile, binti wa watu anakuja mbio, redio koli inakoroma kiunoni, mkononi amevaa rola za tepu ya kubandikia nyaya kama bangili, na bado kakumbuka kuinamisha kichwa kidogo kama nilivyowafundisha. Nikamwitikia marahaba kwa sauti yangu yote. Mi nilisikia machozi yananilenga, sijui hata kwa nini, labda kwa sababu miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameniamkia hivo nje ya darasa.

Akanipeleka kwa mzee mmoja aliyevaa kofia ya zambarau ya chuo, akasema, "Mwalimu, huyu babu alisoma hapa zamani, muulize." Yule mzee alifurahi mtu kumuuliza. Akanieleza kwamba tamasha lilianza 1972, na walioanzisha walikuwa wanafunzi waliotoka Texas, wamekumbuka kwao, ndo maana wakalipa jina la armadillo, yule mnyama wa Texas mwenye magamba, ukimwona utadhani ni ndugu yake kakakuona. Yani vijana wako mbali na kwao, baridi la huku limewachosha, wakaamua kufanya sherehe yenye jina la mnyama wa nyumbani. Hiyo habari ilinikaa sana. Halafu akaniambia na kitu kingine ambacho nilienda kukisoma baadaye nikakuta ni kweli, kwamba Evanston ulikuwa mji usiouza pombe tangu karne ya 19, sheria ya chuo ya 1855 ilikataza kuuza pombe ndani ya maili 4 kutoka chuoni, na mwaka huohuo wa 1972 ndo baraza la mji likaruhusu mahoteli na migahawa kuuza. Mji ule ulikuwa na ukimya wake, na hawa vijana wakaja na magitaa.

Nikamuuliza kwa nini tamasha linachelewa hivi, vyuo vingine si wameshafunga? Akasema Northwestern wanasoma kwa robo za mwaka siyo mihula miwili, wenzao wakifunga mwezi wa tano wao wanasoma mpaka wa sita, kwa hiyo hii ndo pumzi ya mwisho kabla ya mitihani.

Mwaka ule msanii mkubwa alikuwa Lupe Fiasco, rapa, mtoto wa Chicago palepale, na watu walimpokea kama mtu wa nyumbani kweli. Mi nyimbo zake nilikuwa sizijui vizuri ila nilikuwa namwangalia mwanafunzi wangu pembeni ya jukwaa, haimbi, hachezi, macho yako kwenye nyaya tu.

Kwenye mtihani wa kuongea nikamwambia anieleze tukio lolote la mwaka ule. Akaeleza Dillo Day, kuanzia kamati mpaka kufagia uwanja, muda mrefu kweli, ngeli anakosea hapa na pale lakini hakuomba msaada wa neno hata moja la Kiingereza.